Uzito kwanza, mpira baadaye

Mashine zenye tatizo la mtetemo wa hadidiski huja kwa mafundi wa Kariakoo na lalamiko moja kati ya mawili. La kwanza: "Fundi, kompyuta inavuma, meza nzima inaunguruma." La pili: "Fundi, rekodi za kamera zinarukaruka, na diski yenyewe bado mpya." Zamani yote mawili tulikuwa tukiyatibu kwa dawa moja, kipande cha mpira chini ya diski, na kazi nyingine zilikuwa zinarudi zikiwa mbaya kuliko zilivyoondoka. Tulichelewa kuelewa kwamba hayo ni magonjwa mawili. Katika la kwanza unamlinda mtu asisumbuliwe na diski. Katika la pili unailinda diski isisumbuliwe na dunia. Kabla hujagusa bisibisi, amua unamlinda nani.

Tuanze na mtetemo wenyewe. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kila sekunde, yaani hezi 120. Ya 5400 ni hezi 90, na ya 5900, ambayo utaikuta kwenye mashine nyingi za kurekodia kamera za ulinzi, ni hezi 98 na kidogo. Diski za seva za 10,000 zinafika hezi 167, na za 15,000 hezi 250. Sahani za ndani zinazozunguka husawazishwa kiwandani, lakini hubaki chembe ya uzito iliyoelemea upande mmoja, na chembe hiyo huvuta diski nzima kwa nje kila mzunguko. Nguvu ya kuvuta hukua kwa mraba wa mwendo. Chembe ileile ukiitoa kwenye 5400 na kuipeleka kwenye 7200, nguvu yake inapanda kwa takriban asilimia 78, ingawa mwendo umepanda kwa theluthi tu. Kutoka 7200 hadi 15,000 ni zaidi ya mara nne. Seagate, watengenezaji wa diski, walitoa Barracuda ya 7200 mwaka 1992, Cheetah ya 10,000 mwaka 1996, kisha X15 ya 15,000 mwaka 2000. Ukifungua diski ya 15,000 utashangaa: kasha la nje ni lilelile la inchi 3.5, lakini sahani za ndani ni ndogo sana kuliko nafasi iliyopo. Mwendo ule hauvumilii sahani kubwa.

Kwenye kila sahani data imeandikwa katika mistari ya duara iliyobanana mno. Katika diski za leo, kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni chini ya nanomita 100, na unywele mmoja wa kichwani ungefunika mamia ya mistari hiyo. Kichwa cha kusomea kinatakiwa kukaa juu ya mstari wake bila kuteleza, na hufanya hivyo kwa kusoma alama zilizoandikwa kiwandani na kujirekebisha maelfu ya mara kwa sekunde.

Mtetemo wa diski yenyewe unajirudia vilevile kila mzunguko, na programu ya ndani ya diski huujua na kuusahihisha mapema. Kwa hiyo diski inayovuma juu ya meza yako inaweza kuwa nzima kabisa, ikisoma na kuandika kwa mwendo wake wote, huku wewe hulali. Mtetemo unaoiumiza ni ule wa kutoka nje: wa diski ya jirani inayozunguka kwa mwendo unaokaribiana nao bila kulingana, wa feni, wa spika. Huo hauna mpangilio unaoweza kukaririwa.

Tena, si kila mtikisiko wa nje una madhara sawa. Mkono unaobeba vichwa umesawazishwa kwenye ekseli yake, kwa hiyo ukiisukuma diski kushoto au kulia, mkono na kasha huenda pamoja. Ukiizungusha, hata kidogo sana, kasha linageuka na mkono unabaki ulipo, na kichwa kinatoka kwenye mstari. Msokoto huo ndio adui. Diski za seva, na nyingi za hifadhi za mtandao, zina vihisi vya kuupima ili mkono urekebishwe mapema. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani kwa kawaida haina.

Kichwa kikitoka kwenye mstari wakati wa kuandika, diski husimamisha kuandika mara moja ili isiharibu mstari wa jirani, kisha husubiri sahani izunguke tena. Kwa diski ya 7200, mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Hilo likitokea mara 20 kwa sekunde, umepoteza milisekunde 167 kati ya 1000, yaani sehemu moja ya sita ya kazi, na hakuna kosa lolote litakaloonekana kwenye skrini. Mtumiaji anaona tu kwamba mashine imekuwa nzito. Ndipo anaposhauriwa kuongeza kumbukumbu, kuweka upya Windows, kubadilisha kebo, na pesa inaondoka bila tatizo kuguswa.

Sauti peke yake inatosha kuleta hali hiyo. Mwishoni mwa 2008, Brendan Gregg, mhandisi aliyekuwa Sun Microsystems, alionyesha kwa video jinsi kupiga kelele mbele ya rafu ya diski kunavyorefusha muda wa diski kujibu, na grafu ikaruka palepale. Septemba 2016, jaribio la mfumo wa kuzima moto kwa gesi katika kituo cha data cha benki ya ING mjini Bucharest lilitoa sauti kali kiasi cha kuharibu diski nyingi na kusimamisha huduma kwa saa kadhaa. Anayesimamia chumba cha seva chenye mitungi ya gesi, iwe Posta au Mikocheni, ajue kwamba midomo ya kutolea gesi haifai kuelekezwa kwenye rafu za diski, na kwamba kuna midomo iliyotengenezwa kupunguza sauti.

Mwenye duka hapa Dar es Salaam humdhania mtuhumiwa ambaye siye. Ukiwa kandokando ya Barabara ya Mandela, malori ya bandarini yakipita unahisi sakafu inatikisika, na mtu husema, "Ni hayo malori." Mara nyingi siyo. Lori hutikisa jengo polepole, mara chache hadi kumi na kitu kwa sekunde, na mtikisiko wa polepole kichwa cha diski kinaufuata vizuri. Tazama kilicho karibu. Mashine ya kamera imewekwa juu ya sabufa, kwa sababu sabufa lina mgongo mpana. Au juu ya friji ya soda, na kompresa ikiwaka mashine nzima inatetemeka. Au rafu moja na stebilaiza na UPS (betri ya akiba ya kompyuta), ambazo transfoma zake huvuma kwa hezi 100 kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Hezi 100 na hezi 98 za diski ya 5900 zikikutana kwenye rafu moja ya bati, utasikia mlio unaopanda na kushuka karibu mara mbili kwa sekunde. Hamisha UPS iende sakafuni. Hiyo ni dawa ya bure, na ndiyo tunayoitanguliza siku zote. Studio za muziki zina kosa lao: diski ya kurekodia inakaa juu ya meza ileile iliyobeba spika. Nunua kebo ndefu kidogo, kompyuta ikae chini.

Sasa mpira, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Kila kitu kizito kilichokaa juu ya kitu laini kina mtetemo wake wa asili, kama bembea iliyo na mwendo wake. Ukiisukuma bembea kwa mwendo wake yenyewe, inapaa. Ukiisukuma harakaharaka kuliko mwendo wake, haiendi popote. Mpira unaanza kuzuia mtetemo pale tu mtetemo wa diski unapozidi ule wa asili kwa zaidi ya mara 1.4, na unazuia vizuri kuanzia mara 3. Chini ya 1.4 mpira unaongeza mtetemo. Sentensi hiyo ingetuokolea kazi nyingi kama tungeijua mapema.

Kuukisia mtetemo wa asili ni rahisi. Pima mpira umebonyea milimita ngapi diski inapokaa juu yake, tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha gawanya 15.8 kwa jibu. Mpira uliobonyea milimita 1 una hezi 15.8. Uliobonyea milimita 0.1 una hezi 50. Uliobonyea milimita 0.02 una hezi 111, na hapo ndipo penye balaa. Vipande vinne vya tyubu ya pikipiki, kila kimoja sentimita 1 kwa 1 na unene wa milimita 2, vikiwekwa chini ya diski ya gramu 700, hubonyea takriban kiasi hicho hicho. Yaani ile dawa ya kawaida ya kila fundi inaiweka diski ya hezi 120 juu ya bembea ya hezi 111. Mteja anarudi kesho yake akisema kelele imezidi, nasi tunamwambia ni wasiwasi wake. Alikuwa anasema kweli.

Usidanganyike na ulaini unaouhisi mkononi. Mpira mtupu, usio na matundu ndani, haubonyei sana ukiwa mpana na mwembamba. Unahitaji uwe mrefu, uwe na eneo dogo, na ubebe uzito wa kutosha. Diski peke yake ni nyepesi mno kuubonyeza.

Vifaa vingine tumevijaribu na kuviacha. Mpira wa tairi la gari, ule wa katambuga, ni mgumu mno. Ndala nyepesi za povu ni nzuri wiki ya kwanza, kisha hulala na kubaki bapa. Sponji ya godoro inatuliza kelele kabisa, lakini inaivisha diski: katika chumba cha nyuzi 31 mwezi wa Februari, diski iliyofungwa sponji pande zote hupita nyuzi 55 kwa urahisi, na diski nyingi zina kikomo cha nyuzi 60. Tunataka isizidi 45. Rababendi huoza kwa joto na kukatika baada ya miezi michache. Lastiki ya nguo, ile ya maduka ya vitambaa Kariakoo, ni bora kuliko zote kwa kelele: diski huning'inia katikati ya nafasi ya inchi 5.25, ambayo ina upana wa milimita 146 dhidi ya milimita 101.6 za diski, na mtetemo karibu wote hupotea. Tatizo lake ni kwamba diski iliyoning'inia haina kitu cha kujishikilia. Kila mkono wa ndani unaporushwa kutafuta data, diski nzima hujisokota upande wa pili, na kichwa huchukua muda zaidi kutulia. Kwa mtu anayeandika barua na kusikiliza muziki, lastiki yatosha. Kwa hifadhidata au kamera nane, usithubutu.

Ndiyo maana tunasema uzito kwanza. Diski ifungwe kwa nguvu kwenye kitu kizito, kisha kitu hicho kizito ndicho kikae juu ya mpira. Uzito huizuia diski isijisokote inaporusha mkono wake, na uzito huohuo huubonyeza mpira kiasi cha kuufanya ufanye kazi.

Kwa diski moja ya inchi 3.5 tunatengeneza hivi. Bamba la chuma la unene wa milimita 6, urefu milimita 200, upana 160. Wanaokata vyuma eneo la Gerezani watakukatia kutoka kwenye mabaki. Lina uzito wa kilo 1.5 hivi. Vipande viwili vya engo (chuma chenye umbo la L) ya milimita 25 kwa 25, unene 3, urefu 150, vinaongeza gramu 330. Pamoja na diski unapata kama kilo 2.5. Engo zifungwe kwenye bamba kwa bolti, miguu yake ikitazama nje, na diski ikae katikati yake ikishikwa kwa matundu ya ubavuni, mawili kila upande. Usiilaze diski moja kwa moja juu ya bamba, kwa sababu ubao wake wa elektroniki uko chini na chuma kitauunguza kwa shoti. Matundu ya ubavuni yako milimita 6.35 kutoka tumbo la diski. Ukitoboa engo kwa urefu wa milimita 12 kutoka kwenye bamba, chini ya diski itabaki nafasi ya milimita 5 na zaidi, na hewa itapita.

Skrubu za diski ya inchi 3.5 ni za aina ya 6-32, si zile nyembamba za M3 zinazofunga diski ya laptopu. M3 huingia kwenye tundu hilo na kuonekana imeshika, kumbe inacheza, na skrubu inayocheza huleta mlio wake wenyewe. Urefu wa robo inchi unatosha: milimita 3 zinapita kwenye engo na zaidi kidogo ya 3 zinaingia kwenye diski. Usipitishe milimita 3.5 ndani ya diski. Kaza kwa bisibisi ya mkono, kwa mpangilio wa msalaba, kwanza zote nusu, kisha zote kabisa. Kikomo ni kama nyutoni-mita 0.7, yaani nguvu ya vidole bila ya bega. Kama tundu la nne halikutani na skrubu, toa engo na ulipanue kwa tupa. Ukilazimisha, unaipinda fremu ya diski, na huo ni msokoto wa kudumu uliouweka mwenyewe. Na tundu dogo la kupumulia, lenye maandishi ya kukataza kulifunika, libaki wazi. (Diski za heliamu hazina tundu hilo, kwa hiyo usilitafute.)

Chini ya bamba weka miguu minne ya mpira, kila mmoja milimita 8 kwa 8 na kimo cha milimita 10. Tyubu ya pikipiki inafaa sana hapa, tabaka tano zilizogandishwa kwa gundi ya pancha na kuachwa usiku mzima chini ya uzito. Tyubu nyingi ni za butili, mpira ambao hunywa mtetemo badala ya kuurudisha: ukikidondosha kipande chake mezani, hakidundi sana. Kilo 2.5 juu ya miguu hiyo hubonyea takriban milimita 0.6, na mtetemo wa asili unakuwa karibu na hezi 20. Diski ya hezi 120 iko mara 6 juu yake, ya hezi 90 zaidi ya mara 4. Mpira ukitetemeshwa haraka huwa mgumu kuliko unapokandamizwa polepole, kwa hiyo hesabu hii ni makisio, lakini nafasi iliyobaki inatosha. Bamba lenyewe huvuta joto la diski kupitia engo, na hiyo ni faida ambayo sponji haikupi.

Mambo mawili huharibu kazi hii nzuri. Moja ni daraja. Kebo ngumu ya umeme iliyonyooshwa kati ya diski na kasha hupitisha mtetemo kana kwamba hakuna mpira. Iache ilegee, ipinde kama herufi S, wala usiifunge na kebo nyingine karibu na diski. Bolti inayopita katikati ya mpira na kugusa chuma pande zote mbili ni daraja pia. Pitisha karatasi kuzunguka bamba zima. Ikikwama, hapo ndipo penye mguso.

La pili lilituchukua muda kulitambua. Feni ya milimita 120 inayozunguka mara 1200 kwa dakika ni hezi 20 kamili, sawasawa na bamba letu. Feni ikiwa na vumbi upande mmoja wa pangaboi, na vumbi letu la chumvi ya bahari hushika kama gundi, bamba linaanza kucheza nayo na unaliona kwa macho. Safisha feni kwa brashi, ifunge kwa pini za mpira, au ishushe hadi 800, ambayo ni hezi 13. Jenereta kubwa la dizeli lina shida inayofanana: 1500 kwa dakika ni hezi 25, karibu mno na 20. Kama kompyuta iko ukuta mmoja na jenereta, usiiweke diski juu ya mpira. Ifunge kwa nguvu kwenye bamba, bamba kwenye kasha, na ushughulikie mpira wa jenereta.

Diski zikiwa nne na kuendelea, sahau habari ya ulaini kabisa. Hapo adui wa kila diski ni jirani yake. Nunua diski zenye vihisi vya msokoto, zifunge kwa skrubu zote nne kila moja, na chagua kasha la chuma kinene kuliko la bati linalolia ukiligonga. Trei za plastiki za kubana bila skrubu ni za kuharakisha kazi ya fundi. Uking'ang'ania kuzitumia, angalau ziba uwazi kwa kipande chembamba cha mpira ili diski isicheze. Kama nafasi ni nyingi kuliko diski, ruka nafasi moja moja. Ukimya kwa ajili ya masikio ya watu uupate kwa kuweka kasha zima juu ya miguu laini, si diski mojamoja. Mlio wa kupanda na kushuka kila sekunde kadhaa maana yake ni diski mbili zenye mwendo unaokaribiana, na si dalili ya kufa kwa diski.

Mlio wa kusaga, au wa chuma kwa chuma, ni habari nyingine. Diski za zamani za beringi za gololi, kabla ya beringi za mafuta kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa zikilia hivyo zikizeeka. Nakili data kwanza, zungumza na mteja baadaye.

Kupima mtetemo kwa programu ya simu hutuliza moyo tu. Kihisi cha mwendo cha simu nyingi husoma mara 100 hadi mia chache kwa sekunde, na kinachosoma mara 100 hakiwezi kuona chochote kilichozidi hezi 50. Kitakuonyesha namba, lakini si ya diski. Kipaza sauti cha simu kina msaada zaidi, kwa programu inayochora masafa ya sauti. Sisi tunatumia kile kisahani cha shaba cha piezo chenye kipenyo cha milimita 27, kinachopatikana kwenye vifaa chakavu vyenye king'ora. Kigandishe kwa gundi kwenye kasha, waya zake mbili ziingie kwenye tundu la maiki, rekodi sekunde 30 kwa programu ya Audacity, kisha chora wigo wake wa masafa. Kilele cha 120 ni diski. Kilele cha 100 ni umeme. Kilele cha 20 na cha 140 kwa pamoja ni feni ya 1200 yenye mapanga saba. Rekodi kabla na baada ya kazi, bila kubadilisha sauti ya maiki, umwonyeshe mteja.

Kwa lalamiko la pili, la diski kusuasua, kipimo ni kazi yenyewe. Nakili faili moja kubwa, gigabaiti 20 au zaidi, kila kitu kikiwa kimezimwa jirani: muziki, friji, feni ya ziada. Andika muda. Washa kimoja kimoja, urudie. Mchoro wa HD Tune, programu ya kupima mwendo wa diski, kwenye diski isiyosumbuliwa hushuka taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliyosumbuliwa huchora meno ya msumeno. Ukiizima sabufa na meno yakatoweka, umemaliza uchunguzi.

Kisha soma kumbukumbu za afya za diski kwa programu ya smartctl au CrystalDiskInfo. Namba 191 huhesabu mitikisiko iliyohisiwa, 189 huhesabu mara kichwa kilipoandika kikiwa juu kupita kiasi, 5 na 197 zinasema sekta zimeanza kufa. CrystalDiskInfo huandika hizo kwa mfumo wa 16: BF, BD, 05 na C5. Namba 199, au C7, ni ya kebo. Ikipanda, badilisha kebo ya data na usihangaike na mpira. Na kwenye diski za Seagate, takwimu ghafi za namba 1 na 7 huwa kubwa za kutisha hata diski ikiwa nzima, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ya kazi zote zilizofanyika. Diski nyingi nzima zimetupwa kwa kuisoma vibaya namba hiyo. Inauma.

Diski iliyowekwa juu ya bamba isisafirishwe hivyo. Kilo 2.5 juu ya mpira laini, kwenye bajaji, ni nyundo. Zima, subiri nusu dakika sahani zisimame, ondoa bamba, kisha beba. Na miguu ya mpira ina umri: joto letu huikausha, na uzito huilaza. Siku unapoifunga, pima kimo cha kila mguu ukiwa umebeba bamba, uandike kwa peni ya alama kwenye ukuta wa ndani wa kasha pamoja na tarehe. Kila msimu wa kaskazi ukikaribia, fungua na upime tena. Mguu uliokuwa milimita 9.4 ukikuta ni 8, au ukiubonyeza kwa ukucha alama haiondoki, badilisha yote minne kwa pamoja, kwa sababu mguu mmoja mpya kati ya mitatu iliyolala utaliinamisha bamba na kulifanya lijisokote.